Leseni, Kumbukumbu na Matini Zinazotoweka: Historia Fupi ya Michezo ya Video Ikitazamwa Kutoka Hadado

1.0 Utangulizi

Historia ya fasihi imezoea kuhesabu hasara zake kwa moto, mchwa, vita na usahaulifu. Maktaba huungua, miswada huliwa na wadudu, na fanani hufariki kabla ya kurithisha alichokijua. Katika kipindi cha miaka 20 hivi iliyopita kumeshamiri namna nyingine ya kupotea kwa kazi za sanaa. Matini iliyo nzima, yenye wasomaji wanaoitaka na mwenyewe anayejulikana, huondolewa sokoni kwa sababu tu tarehe iliyoandikwa katika mkataba fulani imewadia. Jambo hili linaonekana kwa uwazi zaidi katika michezo ya video, ambayo siku hizi huuzwa kwa wingi katika maduka ya kidijitali, yaani maduka ya mtandaoni ambako mnunuzi hapewi kitu cha kushika mkononi bali hupewa ruhusa ya kupakua.

Makala haya yana shabaha tatu. Kwanza, yanaeleza kihistoria jinsi leseni iliyokwisha muda inavyoweza kuifuta kazi katika macho ya umma. Pili, yanalinganisha utaratibu huo na sheria ya jadi ya umiliki wa ushairi miongoni mwa Wasomali, wakiwamo wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Tatu, yanauliza swali linalomhusu kila mhakiki: je, uhakiki unawezekanaje pale ambapo matini inayohakikiwa haipatikani tena kwa njia halali?

Huenda msomaji akashangaa kwa nini suala la maduka ya mtandaoni litazamwe kutoka Hadado, kituo cha wafugaji kilichoko Wajir Magharibi. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba Hadado imo katika eneo ambalo fasihi yake kuu ni simulizi, na fasihi hiyo ina kanuni za umiliki zilizokomaa kabla ya sheria yoyote ya hakimiliki kuandikwa Nairobi. Ya pili ni kwamba msomaji wa mahali kama hapa hutegemea kazi zinazotoka mbali. Kwa hiyo, masharti yanayoambatana na kazi hizo humwathiri mapema na kwa uzito zaidi kuliko msomaji anayeishi karibu na maktaba kubwa.

Yafaa pia tuseme mapema kwamba tunauchukulia mchezo wa video kuwa matini. Una msuko, wahusika, mandhari na mtazamo. Aidha, haukamiliki bila ushiriki wa hadhira. Wataalamu wa fasihi simulizi hawana sababu ya kulikataa wazo hili, kwani ndio waliotufundisha kwamba fasihi haifungwi na karatasi, na kwamba mshiriki katika utendaji huwa sehemu ya kazi yenyewe.

2.0 Dhana ya Leseni na Historia Yake

Anayenunua kitabu hukutana na vitu viwili ambavyo sheria huvitenganisha. Karatasi na wino huwa mali yake, ilhali maneno hubaki mali ya mwandishi au mchapishaji. Mnunuzi haruhusiwi kukichapa upya kitabu hicho, lakini anaweza kukiazima, kukiuza, kukitoa zawadi au kukirithisha. Haki ya mchapishaji juu ya nakala hiyo mahususi huishia pale ilipouzwa. Juu ya msingi huu ndipo maktaba, wauzaji wa vitabu vikuukuu na wasomaji wanaopokezana nakala moja kijiji kizima wamejijenga.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1710, ambayo huhesabiwa kuwa chimbuko la hakimiliki ya kisasa, ilimpa mwandishi wa kitabu kipya ulinzi wa miaka 14, na mingine 14 iwapo bado yu hai. Mkataba wa Berne wa 1886 uliupanua ulinzi huo kuvuka mipaka ya mataifa. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 1966 ilifuatwa na ile ya 2001, ambayo kwa kazi za kifasihi huweka ukomo wa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Katika sheria zote hizi, kikomo cha muda kiliwekwa kwa manufaa ya umma. Mwandishi alipewa mamlaka kwa kipindi, na kipindi hicho kilipokwisha kazi ikawa ya wote.

Leseni hufanya kinyume. Leseni ni ruhusa anayoitoa mwenye mali kwa mtu mwingine ili aitumie mali hiyo kwa masharti na kwa muda. Muda wa hakimiliki ukiisha, kazi humfikia kila mtu. Muda wa leseni ukiisha, kazi huweza kutomfikia mtu yeyote. Maneno "muda umekwisha" katika sentensi hizi mbili ni yale yale, lakini matokeo yake yanapingana. Mjadala mwingi kuhusu suala hili hupotoka kwa kutoipambanua tofauti hii.

Mchezo wa video uko katika hatari zaidi kuliko riwaya kwa sababu ya jinsi unavyoundwa. Riwaya kwa kawaida ina mwandishi mmoja na mchapishaji mmoja. Mchezo mkubwa huweza kubeba nyimbo za wasanii kadhaa, na kila wimbo una haki ya mtunzi na haki nyingine ya aliyeurekodi. Huweza pia kubeba majina na maumbo ya magari halisi, sura za wachezaji wa kandanda, nembo za vilabu, au wahusika walioazimwa kutoka filamu na vitabu vya katuni. Kila kimoja kati ya hivyo kina mkataba wake na tarehe yake. Mikataba mingi iliandikwa wakati ambapo mchezo uliuzwa kwenye diski kwa miaka michache kisha ukapisha mwingine. Waliotia saini hawakuwa na sababu ya kufikiria duka lisilofungwa kamwe.

Tofauti ya kiufundi iliyoleta tatizo ni ndogo. Diski iliyokwisha kuuzwa ni nakala iliyokwisha kutengenezwa, kwa hiyo leseni ikifikia kikomo diski hiyo huendelea kupita mikononi mwa watu. Katika duka la kidijitali, kila anayepakua hutengenezewa nakala mpya. Siku leseni ya wimbo mmoja inapokwisha, muuzaji hana tena haki ya kutengeneza nakala mpya yenye wimbo huo. Basi huondoa mchezo wote, au huutoa wimbo na kuuza mchezo uliopunguzwa.

Kwa wakazi wa Wajir na Garissa, neno leseni lina historia nyingine ambayo mhakiki hapaswi kuipuuza. Sheria ya kikoloni ya 1902 kuhusu wilaya za pembezoni iliiwezesha serikali kuzifunga sehemu za nchi, ili asiye mwenyeji asiingie bila leseni. Sheria ya 1934 kuhusu wilaya maalumu iliongeza udhibiti wa nyendo za wenyeji wenyewe. Baada ya uhuru, hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 ilidumu Kaskazini Mashariki hadi 1991. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walitakiwa kupitia msasa wa pekee na kupewa kadi ya rangi ya waridi ili kuthibitisha uraia ambao wananchi wengine hawakuulizwa. Si nia yetu kulinganisha mateso ya watu na usumbufu wa wacheza michezo, la hasha. Tunachosema ni kwamba hapa hakuna haja ya kumfafanulia mtu kwamba ruhusa si sawa na haki, na kwamba kilichoruhusiwa na mwingine kinaweza kukatazwa na huyo huyo.

3.0 Matukio Matatu

Tukio la kwanza linafahamika na vijana wengi wa Kenya hata kama hawajui sheria iliyolizaa. Katika miji yetu, vijana wasio na mashine zao hulipa kwa kila mchezo katika vibanda vya michezo, na kwa miaka mingi mchezo uliotawala vibanda hivyo ni ule wa kandanda uliobeba jina la FIFA. Kampuni ya Electronic Arts ilitoa mchezo wa kwanza wa mfululizo huo mwaka 1993. Mei 2022 kampuni hiyo na shirikisho la FIFA walitangaza kwamba hawatauendeleza mkataba wa jina. Mchezo wa mwisho wenye jina hilo ulitoka Septemba 2022. Septemba 2023, mfululizo ulipoanza upya kwa jina EA Sports FC, michezo ya zamani yenye jina la FIFA iliondolewa katika maduka ya kidijitali. Waliokuwa na diski waliendelea kucheza. Asiyekuwa nayo hakuwa tena na mahali pa kuununua kwa mtoaji wake mchezo ambao kizazi kizima kiliuita kwa jina hilo.

Tukio la pili ni la Alan Wake, mchezo uliotungwa na kampuni ya Remedy ya Ufini na kutolewa mwaka 2010. Mhusika mkuu ni mwandishi wa riwaya aliyeshindwa kuandika, ambaye anaanza kukutana na kurasa za muswada asioukumbuka kuuandika, na mambo yaliyomo katika kurasa hizo yanamtokea. Wahakiki watatambua mara moja mbinu ya hadithi inayojihadithia. Mchezo huu ulitumia nyimbo za wasanii maarufu kufungia sura zake, kama vile mtunzi wa tamthilia anavyotumia wimbo kufungia onyesho. Mei 2017 leseni za muziki huo zilikwisha na mchezo ukaondolewa katika maduka ya kidijitali. Ulirudi Oktoba 2018 baada ya leseni kufanywa upya.

Tukio la tatu lina uzito wa pekee kwa idara ya fasihi. Mwaka 2012 kampuni ya Yager ya Berlin ilitunga Spec Ops: The Line, mchezo ulioiga kwa makusudi muundo wa novela ya Joseph Conrad, Heart of Darkness. Mto wa Kongo umegeuzwa kuwa Dubai iliyofunikwa na tufani za mchanga, na afisa anayetafutwa na askari wa Marekani ameitwa Konrad. Mchezaji anaongozwa hatua kwa hatua hadi anafanya maangamizi dhidi ya raia, kisha anatakiwa ajiulize kwa nini aliendelea kutii. Mwezi Januari 2024 mchezo huu uliondolewa katika maduka ya kidijitali. Mtoaji wake, kampuni ya 2K, alieleza kwamba leseni kadhaa za washirika zilikuwa zikifikia kikomo. Waliokwisha kuununua waliruhusiwa kuendelea kuupakua. Wasomaji wapya walifungiwa mlango.

Matukio haya si ya kipekee. Scott Pilgrim vs. the World: The Game uliondolewa mwishoni mwa 2014 na haukurudi hadi Januari 2021. DuckTales: Remastered uliondolewa Agosti 2019 ukarudi Machi 2020. Forza Horizon 4, mchezo wa mbio za magari, uliondolewa Desemba 2024. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation, shirika la Marekani la kuhifadhi historia ya michezo, ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya 2010 haikuwa ikipatikana sokoni. Sababu za kutopatikana huko ni nyingi, na leseni ni mojawapo tu. Hata hivyo, ile michache iliyorudi inatufunza jambo moja. Kazi hurudi pale ambapo mwenye haki anaona faida ya kulipia leseni upya, wala si pale ambapo jamii inaihitaji kazi hiyo. Kipimo cha kubaki ni hesabu ya biashara.

Wala tatizo hili halikuanzia katika michezo. Eyes on the Prize, filamu ya matukio ya kweli kuhusu harakati za haki za Wamarekani Weusi, iliyoanza kuonyeshwa 1987, ilitoweka kwenye televisheni kwa miaka mingi kwa sababu haki za picha na nyimbo zilizomo zilikuwa zimekwisha muda. Ilionyeshwa tena 2006 baada ya fedha kupatikana za kuzilipia. Historia ya watu waliopigania haki zao ilinyamazishwa bila mtu yeyote kukusudia kuinyamazisha.

4.0 Hakimiliki ya Kumbukumbu: Mfano wa Ushairi wa Kisomali

Ushairi wa Kisomali huainishwa kwa kawaida katika makundi mawili. Kuna maanso, ambayo hujumuisha gabay na bahari nyingine nzito, na ambayo daima ina mtunzi anayejulikana kwa jina. Kuna pia hees, nyimbo za kazi na za ngoma, ambazo zile za jadi hazina mtunzi anayedaiwa: nyimbo za kunywesha ngamia kisimani, za kusuka mikeka, za kupakia mizigo wakati wa kuhama. Wajir ni nchi ya visima, na nyimbo za visimani ni za kila anayevuta maji. Hakuna anayemuuliza mwimbaji ameruhusiwa na nani.

Katika maanso, mambo ni tofauti. B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis, katika kitabu chao Somali Poetry: An Introduction cha 1964, walieleza jinsi shairi linavyosafiri kutoka kinywa hadi kinywa kupitia kwa mahafidhi, watu wanaolihifadhi kichwani neno kwa neno. Hafidhi ana wajibu wa aina mbili. Kwanza, analazimika kumtaja mtunzi. Pili, analazimika kutolibadilisha shairi. Anayejinasibishia shairi la mwingine huonekana mwizi, na anayeliharibu hukosolewa na wasikilizaji palepale. Andrzejewski aliuona utaratibu huu kuwa sheria ya hakimiliki isiyoandikwa.

Fani yenyewe husaidia kuitekeleza sheria hiyo. Katika gabay, sauti moja ya mwanzo wa neno hurudiwa katika kila mstari kuanzia mwanzo wa shairi hadi mwisho wake, pamoja na kuzingatiwa kwa urari wa mizani. Anayetaka kubadilisha neno lazima apate jingine lenye sauti ile ile, mizani ile ile na maana inayokubalika. Ugumu huo ni kufuli. Mashairi ya Sayid Mohamed Abdulle Hassan, aliyefariki mwishoni mwa 1920, yaliishi hivyo kwa zaidi ya nusu karne kabla ya Jaamac Cumar Ciise kuyakusanya na kuyachapisha Mogadishu mwaka 1974, miaka miwili baada ya Kisomali kupata hati rasmi ya Kilatini.

Pwani ya Kenya nayo ilijua kanuni zinazokaribiana na hizi. Mtunzi wa utenzi huweza kulitia jina lake katika beti za mwisho ili lisitengane na kazi. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu, akishirikiana na W. E. Taylor, ndipo M. H. Abdulaziz akaweza kuyachapisha na kuyachambua mwaka 1979.

Tukiilinganisha sheria hii na leseni ya kibiashara, tunaona kwamba zote mbili zinamheshimu mtunzi na zote mbili zinaweka masharti juu ya anayeitumia kazi. Tofauti iko katika mambo mawili. Sharti la hafidhi hutekelezwa kwa kuendelea kuitoa kazi: kadiri shairi linavyokaririwa ndivyo jina la mtunzi linavyokuzwa. Sharti la leseni, muda ukiisha, hutekelezwa kwa kuificha kazi. Pili, sharti la hafidhi halina tarehe. Yafaa kutambua kwamba Kenya imeliingiza wazo la namna hii katika sheria yake ya 2016 ya kulinda maarifa asilia na tanzu za kitamaduni, ambayo hulinda tanzu hizo maadamu zinatimiza vigezo vya kulindwa, bila kikomo cha miaka.

Tusiipambe mno kumbukumbu, hata hivyo. Nayo ina kikomo chake, yaani kifo cha anayeibeba. Mwezi Februari 1984, wanaume waliokamatwa sehemu mbalimbali za wilaya ya Wajir walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ilikadiria waliokufa kuwa karibu 1,000. Msiba huu ni kwanza na hasa msiba wa uhai wa watu. Lakini mwanahistoria wa fasihi hawezi kukwepa kutambua kwamba katika jamii ambayo maktaba yake ni vichwa vya watu, kuua watu ni kuteketeza maktaba pia. Kwa hiyo, hoja yetu haidai kwamba simulizi ni salama na dijitali ni hatari. Tunadai kwamba kila njia ya kuhifadhi ina mahali pake pa kuvunjikia, na mhakiki anatakiwa apajue.

5.0 Kanda, Vitabu na Ngamia

Kati ya kumbukumbu na duka la kidijitali kuna kifaa, yaani kitu kinachoshikika. Radio Hargeisa, iliyoanzishwa 1943, ilikusanya kwa miongo kadhaa nyimbo, mashairi na tamthilia za Kisomali. Mwaka 1988, ndege za serikali ya Siad Barre ziliposhambulia Hargeisa, wafanyakazi na wasanii waliziokoa kanda. Nyingine walizifukia ardhini na nyingine walizivusha mpaka. Sehemu ya hazina ya kanda za zama hizo imehifadhiwa leo katika kituo cha utamaduni cha Hargeisa, na mwaka 2017 baadhi ya nyimbo zilitolewa upya katika mkusanyo Sweet as Broken Dates, ulioteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Kanda hizo ziliokoka kwa kuwa zilikuwa vitu. Kitu kinaweza kufukiwa na kufukuliwa. Ruhusa haifukiki.

Vitabu vyetu navyo vina historia yao ya kutoweka. East African Publishing House, iliyoanzishwa 1965 na kutoa Song of Lawino ya Okot p'Bitek mwaka uliofuata, ilidhoofika na kuanguka katika miaka ya 1980. Kazi zilizopata mchapishaji mwingine ziliendelea kusomwa, na Song of Lawino ni mojawapo. Zisizopata zilibaki katika kabati za maktaba na nyumba za watu. Lakini zilibaki. Mtafiti mwenye subira anaweza kuipata nakala ikiwa na mhuri wa shule fulani, akaisoma na kuihakiki bila kuomba ruhusa. Kufa kwa kampuni hakukukiua kitabu kilichokwisha kuuzwa.

Mfano ulio karibu zaidi na Hadado ni maktaba ya ngamia. Mwaka 1996 shirika la maktaba la taifa lilianzisha Garissa huduma ya kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia, na baadaye huduma hiyo ikafika Wajir. Ngamia hubeba masanduku ya vitabu hadi penye shule na makazi, wasomaji huazima, na siku iliyopangwa ngamia hurudi. Utaratibu huu wote umesimama juu ya kanuni tuliyoitaja: nakala iliyonunuliwa haihitaji ruhusa ya pili. Mchapishaji aliyeko Nairobi au London hawezi kumsimamisha ngamia njiani na kudai kitabu kirudishwe kwa kuwa mkataba wa picha iliyo kwenye jalada umekwisha. Tukibadilisha masanduku hayo kuwa vitabu pepe na michezo ya kufundishia, yote kwa leseni ya mwaka mmoja mmoja, mzigo utakuwa mwepesi na safari itakuwa fupi. Lakini maktaba itakuwa imegeuka mpangaji katika nyumba ambayo hapo awali ilikuwa yake.

6.0 Athari kwa Uhakiki

Mwaka 1975 Chinua Achebe alitoa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mhadhara uliomshutumu Conrad kwa ubaguzi katika Heart of Darkness. Hoja zake zilizua mjadala ambao haujakoma. Yeyote aliyetaka kumpinga au kumuunga mkono alikifungua kitabu chenyewe, akatazama maneno ya Conrad na kuyapima. Kitabu kilichotoka 1899 kilikuwa bado mezani miaka 76 baadaye, na kiko mezani hadi leo. Spec Ops: The Line, uliojinasibisha na kitabu hicho hicho, ulikaa sokoni chini ya miaka 12.

Mwanafunzi wa Kaskazini Mashariki anayetaka kufanya na mchezo huu alichofanya Achebe na novela ana maswali halali ya kuuliza. Je, mji wa Kiarabu umegeuzwa pambo tu la majuto ya askari wa Kimagharibi, kama Achebe alivyodai kuhusu Afrika ya Conrad? Je, wakazi wa Dubai hiyo wana sauti? Haya ni maswali ya fasihi, na hayawezi kujibiwa kwa kusoma muhtasari au kutazama mtu mwingine akicheza, kwani dhamira yake imejengwa juu ya uamuzi wa mchezaji mwenyewe. Suala hili si la kinadharia kwa jamii inayozungumza Kisomali. Tangu 2003, mchezo Delta Force: Black Hawk Down uliigeuza Mogadishu ya 1993 kuwa uwanja wa mapigano ambapo mchezaji ni askari wa Marekani na Wasomali wengi ni shabaha za risasi. Jamii iliyochorwa hivyo ina haki ya kuiona picha yake na kuijibu. Haki hiyo haiwezi kutegemea iwapo mwenye leseni anaona faida ya kuendelea kuuza.

Kuna watakaosema kwamba tatizo hili limekwisha kutatuliwa na nakala za magendo. Ni kweli kwamba kazi nyingi zilizoondolewa huendelea kuzunguka kwa siri, kama kanda za muziki wa Kisomali zilivyonakiliwa bila idhini na kuenea Nairobi, Garissa na ughaibuni. Unakili huo uliokoa mengi. Lakini haukumlipa mwimbaji, mara nyingi haukulitaja jina lake, na haumpi mtafiti chanzo anachoweza kukitaja mbele ya watahini. Kwa kipimo cha hafidhi, nakala isiyo na jina la mtunzi ni nakala iliyovunja sheria hata kama kila neno ni sahihi.

Kuna pia hoja ya wasanii, nayo ina nguvu. Mwanamuziki ambaye wimbo wake unauza mchezo kwa miaka kumi anastahili malipo ya miaka kumi. Leseni zenye muda humpa nafasi ya kudai zaidi pale kazi inapofanikiwa. Tunaikubali hoja hii. Hata hivyo, haki ya kulipwa na uwezo wa kufuta ni mambo mawili. Mkataba unaweza kumpa msanii sehemu ya kila nakala inayouzwa, leo na baada ya miaka 30, bila kuweka tarehe ambayo nakala zote hukoma. Anayekaririwa milele na kulipwa kila akaririwapo hana hasara.

Sheria zimeanza kulitambua tatizo, lakini kwa hatua fupi. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2024 sheria inayowataka wauzaji wa kidijitali waseme wazi kwamba wanachouza ni leseni. Sheria hiyo humwambia mnunuzi ukweli, lakini haimwongezei haki. Oktoba mwaka huo huo, mamlaka za hakimiliki za Marekani zilikataa ombi la kuruhusu maktaba ziwawezeshe watafiti kuifikia kwa mbali michezo isiyouzwa tena. Kwa mtafiti wa Marekani, uamuzi huo una maana ya safari hadi jengo la maktaba. Kwa mtafiti aliyeko Wajir, una maana ya kufungiwa kabisa.

Kenya ina mahali pa kuanzia. Sheria ya Vitabu na Magazeti ya 1960 iliwataka wachapishaji wakabidhi kwa Msajili nakala za vitabu walivyovichapisha nchini. Fikra iliyo nyuma yake ni kwamba taifa lina maslahi katika kila kitabu hata kama soko limekichoka. Fikra hiyo haijapanuliwa ipasavyo kuzifikia kazi za kidijitali zinazotungwa Nairobi na kwingineko nchini, zikiwamo michezo ya video. Ingepanuliwa, kazi hizo zingekuwa na nakala moja isiyo na tarehe ya kufa, hata kama nakala hiyo ingetumika kwa utafiti pekee.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuondolewa kwa michezo ya video kwa sababu ya leseni zilizokwisha ni sura mpya katika historia ya upokezi wa matini. Chanzo chake ni kuhama kutoka uuzaji wa nakala hadi ukodishaji wa ruhusa, pamoja na desturi ya kuunda kazi moja kutokana na haki nyingi zenye muda tofauti. Tumeonyesha pia kwamba jamii ya Kisomali ilibuni sheria ya umiliki inayomlinda mtunzi bila kumnyima msikilizaji: taja jina, usiharibu neno, kisha endelea kukariri. Kila njia ya uhifadhi ina udhaifu wake, na ya kumbukumbu umelipiwa kwa gharama kubwa mno huko Wajir.

Kwa idara za fasihi katika vyuo vyetu, hatua tatu zinawezekana bila kungoja bunge. Ya kwanza ni kununua na kuhifadhi nakala zinazoshikika za michezo inayofundishwa au kutafitiwa, maadamu diski bado zinauzwa. Ya pili ni kuwahimiza watunzi chipukizi wa michezo nchini wasome mikataba yao ya muziki kabla ya kutia saini, na wadai masharti ya malipo badala ya masharti ya muda. Ya tatu ni kuwatuma watafiti kwa mahafidhi waliobaki Hadado, Wajir na Garissa, ili kanuni zao za umiliki ziandikwe kwa ukamilifu kama zinavyotekelezwa leo. Utafiti uliopo umejikita zaidi kaskazini mwa nchi za Wasomali, na desturi za upande wa Kenya bado hazijapata uchunguzi unaozistahili.